Magome ya Wageni wa Ulaya

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Januari 1957

Dada yangu Candida,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya gunia la dengu dukani kwa Kanubhai, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimelewa. Mimi ni mzima. Joto la hapa nalo ni zima, tena limetuzidi nguvu. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie goti lake silisahau. Vitalis mwambie mjomba amesikia habari za kipaimara chake, na askofu akimpiga kile kikofi cha shavuni asilie, sote tulipigwa.

Kazi yangu ni ile ile ya maabara ya serikali. Shahada niliyotoka nayo Makerere nimeitundika chumbani, Mtaa wa Sikukuu, panya wanaisoma. Mimi kutwa napima maji ya visima, naandika namba, nampelekea mkubwa, naye anatia sahihi yake. Ukiniuliza jana nilifanya nini nitakujibu maji, na leo maji.

Sasa nina shida ndogo. Nahitaji magome ya msesewe, ratili sita hivi, yaliyokauka, pamoja na tawi lenye majani. Ni kwa ajili ya wageni wa Ulaya, tafadhali yaandae vizuri, yasitutie aibu. Marcelino anapakia vitunguu Moshi mwanzoni mwa mwezi ujao, mpe yeye kwenye lori lake atanifikishia. Anajua duka la Kanubhai, ndipo penye sanduku langu la posta.

Juu ya jambo hilo sina zaidi. Baba mdogo Isidori asijue.

Mdogo wako,
Severine


Kibosho
5 Februari 1957

Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua Kariakoo umesahau kuitikia, basi nimekuitikia mwenyewe: milele na milele, amina. Na marahaba.

Mama anakula, analala, ananung'unika, kwa hiyo ni mzima. Vitalis alipigwa kofi Jumapili, hakulia, ila alimtazama askofu kama mtu anayemwekea deni. Baada ya misa tukaja nyumbani, watu wakajaa uani. Nyama ilitosha. Mbege ndiyo iliyoniangusha. Wewe unaijua mbege yangu, tangu nirudi hapa ujane ukiwa mgongoni watu wanatoka Umbwe kuifuata. Safari hii ilikuwa chungu mno. Katekista alipiga funda moja, akaiweka kata chini polepole, akaanza kuuliza habari za mvua. Baba mdogo Isidori peke yake ndiye aliyemaliza, maana cha bure hakijawahi kumshinda. Kosa nalijua mwenyewe, nilizidisha kitu.

Huyo Isidori siku hizi anapita sana kwenye mpaka wetu, upande wa mfereji. Anatembea huku anahesabu kwa kidole migomba ya kihamba alichotuachia baba. Anasema kihamba kisicho na mwanamume ni njia ya mbuzi. Mama amemjibu kwamba mwenyewe yupo, ni kitinda mimba wake, naye yuko Dar es Salaam kwa kazi ya serikali, atarudi. Nami nimesema hivyo hivyo. Unarudi lini kujenga?

Magome yako nimeyaandaa kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Nimetumia siku tatu. Hao wageni wako hawatapata la kusema. Ila Severine, msesewe ni wa kutilia mbege uchungu, na ni wageni gani wa Ulaya wanaokunywa mbege? Ni mapadre? Niambie, nisije nikawa natengeneza pombe ya watu nisiowajua.

Dada yako,
Candida


Kariakoo, Dar es Salaam
22 Februari 1957

Dada Candida,

Shikamoo. Mzigo umefika. Marcelino ameuleta mwenyewe mpaka mlango wa duka, huku akilalamika kwamba vitunguu vyake vimenuka msesewe njia nzima. Nilikuwa na siku moja tu kabla ya meli ya posta kuondoka, basi nilifunga haraka haraka, nikakimbia nao posta, nikabakiza kipande kimoja mfukoni kwa ukumbusho. Sasa magome yako baharini nami niko hapa nagandisha macho kwenye kalenda.

Sijui nina nini. Nikikaa naona nasimama. Saa ya chakula cha mchana wenzangu wanaketi chini ya dirisha la maabara na mihogo yao, mimi nakata mitaa mpaka dukani kwa Kanubhai kumwuliza kama kuna barua, ilhali asubuhi nimemwuliza. Mkewe, Champaben, ameniambia nikiendelea hivi ataniuzia sehemu ya kaunta nisimamie. Wana dawa nyingi za kwao pale, mizizi na magome, na kuna mzizi mmoja wa kutuliza moyo wenye kasi. Ananitania kwamba mteja wake wa kwanza nitakuwa mimi.

Pole kwa habari ya mbege. Watu wa Kibosho watasahau, ukipika nyingine.

Wageni ni watu wema tu. Wakipendezwa, ni heri yetu sote. Kuhusu kujenga tutazungumza nikija.

Severine


Kibosho
24 Machi 1957

Severine,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hatujambo. Masika imeanza kwa hasira, njia ya Moshi ni matope, na hii barua sijui itakufikia ikiwa karatasi au uji.

Nilikuuliza mambo mawili. Umenijibu habari za Champaben. Mama naye anauliza, na mama siwezi kumjibu kwa habari za Champaben. Mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Candida


Kariakoo, Dar es Salaam
11 Mei 1957

Candida,

Shikamoo. Natumaini mama hajambo. Mimi sina neno la kusema juu ya uzima wangu.

Uliniuliza nikakuficha. Leo nakwambia yote.

Tangu nimalize Makerere sijatulia. Nilisoma kemia ili nijue vitu vinavyofichwa ndani ya vitu, nikaishia kupima chumvi ya visima. Mwaka jana niliuona ule mzizi wa Champaben dukani, nikauliza jina, nikaenda kutazama katika majarida ya sayansi tunayoletewa kazini, yanayofika yakiwa yamechelewa miezi mitatu. Kumbe ulimwengu mzima wa wakemia unauhangaikia mzizi huo kwa dawa iliyomo ndani yake, na ndugu yake wa ukoo ni msesewe wetu. Nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa anatuonya tusilambe magome. Nikasema, hili ni langu. Nani mwingine duniani amekulia chini ya mti huu na akasoma kemia?

Nikatoa majina ya maprofesa katika majarida hayo, nikaandika barua tisa. Nilikuwa naomba nafasi ya kufanya utafiti wa kupata udaktari, nafasi yenye posho, wanaokulipia ada na chakula miaka mitatu. Kabla mama hajafurahi mwambie si udaktari wa magoti. Watano hawakujibu kabisa. Wawili walisema nafasi zimejaa. Mmoja aliniuliza kama baba yangu ana uwezo wa kunilipia. Wa tisa, wa chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, aliandika kurasa mbili. Alisema nafasi anayo moja, ya kuanza Oktoba hii, na mwalimu wangu wa Makerere amenisifu kwake. Akasema, nitumie magome tuyapime, tukikuta ndani yake unachosema kimo, nafasi ni yako.

Hao ndio wageni wangu wa Ulaya.

Juzi barua yake imefika. Dada, wamepima mara tatu. Anasema kwa adabu kwamba magome ni mazuri kwa sura lakini ndani hamna kitu, ni kama kuni. Anauliza kama nina hakika na mti wenyewe. Nafasi anampa mwanafunzi mwingine.

Nilikaa pale dukani na barua mkononi. Champaben akaniuliza nani amekufa. Nikamtolea kile kipande nilichobakiza. Akakivunja, akakitia mdomoni, akatafuna sana. Kisha akasema, "Severine, hii imechemshwa. Uchungu wake wamekwisha kuutoa zamani."

Nani aliyeichemsha? Ulisema uliandaa kwa mkono wako, siku tatu, hukumwachia mtu. Wewe umepika mbege tangu nikiwa mtoto, unajua uchungu wa msesewe unakaa wapi na unatokaje. Na najua Isidori anatembea mpakani, na najua kama siko, wewe na Vitalis hamna wa kuwasemea. Ulihisi nataka kwenda. Uliichemsha ili nisiende.

Sasa siendi. Furahini.

Severine


Kariakoo, Dar es Salaam
9 Juni 1957

Dada Candida,

Shikamoo. Mwezi umepita. Marcelino amekuja mara mbili na lori, nikamwuliza kama ana kitu changu, akasema ana vitunguu tu. Nikamwuliza kama alikuona, akasema alikuona kanisani. Nikamwuliza ulisema nini, akasema ulimwuliza bei ya maharage.

Sifuti nililoandika. Lakini nataka jibu, hata la matusi. Naamka naenda kazini, namimina maji kwenye chupa, nasahau nimemimina, namimina tena. Jana mkubwa alinikuta nimepima kisima kimoja mara nne. Mama hajambo? Hilo angalau nijibu.

Severine


Kibosho
30 Juni 1957

Severine,

Salamu utazikuta mwisho, zikibaki.

Ndani ya bahasha hii nimekurudishia barua yako ya Januari. Nimepiga mstari kwa makaa, maana kalamu nilikuwa nayo lakini mkono ulitaka makaa. Soma hapo penye mstari. "Ni kwa ajili ya wageni wa Ulaya, tafadhali yaandae vizuri, yasitutie aibu." Nani aliandika maneno hayo? Mimi?

Mgeni asiyezoea mbege hapewi msesewe mkali. Wewe umetoka katika nyumba hii, umesahau? Mama alitufundisha pale jikoni, mimi na wewe, ukiwa umeshika pindo la kanga yake. Mgeni wa mbali anachemshiwa magome mara mbili, maji ya kwanza na ya pili hayamfikii, kisha magome yanaanikwa upya, ndipo unampa apike. Ni heshima. Unamwondolea ukali ili asituseme vibaya akirudi kwao. Nilikaa siku tatu nikichochea moto kwa ajili ya wazungu wako. Nilisema, huyu mtoto hana la kuwapa watu wakubwa ila kitu cha nyumbani kwao, basi na kiwe laini.

Na yale maji sikuyamwaga, maana msesewe haumwagwi. Niliyatia kwenye mbege ya kipaimara. Sasa unajua kwa nini katekista aliuliza habari za mvua. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayakumwagika hata. Utafiti wako tuliunywa sisi, Severine, na Isidori alikunywa kuliko wote.

Ungeandika neno moja tu. Ungesema, dada, nataka kusoma msesewe. Ningekupelekea mti mzima na mizizi yake. Ulinificha ukidhani nitakuzuia, kisha kitu kilipoharibika kwa kuficha kwako ukasema nimekuzuia. Nimeisoma barua ile ya Mei jikoni, mama akiwepo, akaniuliza unasema nini. Nikamwambia unasema kuna joto. Nilifunga barua nikaenda mferejini nikalia, nami nakwambia nililia, usije ukadhani nilikaa kimya kwa kiburi.

Ndiyo, ukienda Isidori ataingia. Amekwisha kusema kwa mzee wa ukoo kwamba mwenye kihamba akikaa ng'ambo miaka mitatu ni kama hayupo, na mjane aliyerudi kwao hana neno mbele ya wanaume. Hilo nilikuwa sikuambii. Nilitaka uchague bila kunihurumia. Basi tumefichana wote wawili.

Magome mapya ninayo. Msesewe wa baba, ule ulio karibu na zizi, nimeuchubua pande zote, mpaka juu nilipofika kwa ngazi. Utakufa, najua. Nimeyakausha kivulini, hayajaona maji wala moshi. Marcelino anayo. Onja mwenyewe, wewe msomi, kabla hujafunga.

Mama hajambo. Salamu zimebaki chache, chukua.

Candida


Kariakoo, Dar es Salaam
21 Julai 1957

Dada yangu Candida,

Shikamoo. Shikamoo tena. Kwa mama pia, na kwa Vitalis ambaye si mkubwa wangu, nampa naye.

Nimesoma penye makaa. Nimesoma pale dukani, nikatoka, nikazunguka soko, nikapita kwa wauza kuku, kwa wauza vitunguu, nikarudi nikasoma tena, maneno yalikuwa yale yale na mwandiko wangu ule ule. Nimeona haya. Sina neno jingine zuri zaidi ya hilo.

Na nikuongezee kosa ambalo hukulitaja. Mimi niliyesoma kemia miaka yote ile, nilipopokea ule mzigo wa kwanza sikuonja. Mtoto wa mwaka wa kwanza angeonja. Nilikuwa nakimbilia meli. Ningeweka kipande kimoja tu ulimini ningejua hapo hapo, ningekuandikia, na mwezi wa tatu magome mengine yangekuwa njiani. Niliacha kuonja, kisha nikakulaumu wewe uliyechemsha kwa heshima.

Haya mapya nimeonja. Nilikaa dakika kumi sisikii ulimi. Champaben alisema, "Lete nami," akatafuna, akatema, akaomba maji, akanipa kipande cha sukari guru akachukua na chake. Akamaliza sukari yote. Kisha akamweleza mumewe kwa Kigujarati, na Kanubhai, ambaye hunitazama kama mtu anayezuia wateja mlangoni, akatoa kamba yake na karatasi nzito akanifungia mzigo mwenyewe. Umekwenda kwa ndege, mdogo tu, pamoja na barua ya kurasa tatu. Nimemweleza profesa kila kitu. Nimemwandikia kwamba dada yangu alidhani yeye ni mgeni na akamheshimu. Sijui mtu wa kule atalielewa namna gani.

Oktoba hii nimekwisha kuikosa, hilo najua. Nimetuma kwa sababu ulichubua mti wa baba, si kwa sababu nina tumaini.

Sasa jambo la pili. Nyumbani mtu akikosa hatumi karatasi, anatuma jani la isale lililofungwa fundo. Nimehangaika siku nne kutafuta isale katika mji huu. Huku watu hawaijui, nikieleza wananionyesha mikonge. Marcelino ndiye aliyenikumbusha kwamba Magomeni kuna fundi seremala wa kwetu, mwenye nyumba mmoja, Mzee Kitwana, amempangisha nyumba ya uani, naye alikuja na vipande vya isale kutoka Rombo akavipanda kando ya choo ili aone kitu cha kwao kila asubuhi. Nikaenda Jumapili kwa miguu. Nilipomwambia ninachotaka hakuniuliza nimemkosea nani. Aliniuliza tu, "Ni mkubwa wako au mdogo wako?" Nikasema mkubwa. Akakata kikonyo kirefu chenye majani yote, hakutaka kunipa jani moja.

Nimelifunga fundo. Marcelino atakukabidhi mkononi, limefungwa katika kitambaa kilicholoweshwa. Sisemi unisamehe, isale ndiyo inayosema, nawe unajua haikataliwi.

Mdogo wako,
Severine


Kibosho
11 Agosti 1957

Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, zote mbili.

Limefika, bado bichi. Mama alipoliona mkononi mwa Marcelino aliinuka bila fimbo. Aliniuliza, "Ni nani kati yenu?" Nikasema ni wewe. Akasema, nilijua. Usikasirike, ndivyo alivyosema.

Yamekwisha. Sitayataja tena ila siku nikitaka kukutania, na siku hizo zitakuwa nyingi.

Msesewe umeanza kupukutisha majani. Vitalis anauliza utamlipa nini kwa ndege waliokosa pa kutua.

Candida


Kariakoo, Dar es Salaam
16 Septemba 1957

Dada Candida,

Shikamoo. Sote hapa wazima. Ashok, mwana wa Champaben, amepata mchumba, na duka zima linanuka maua na peremende. Katika purukushani hiyo Kanubhai aliisahau barua yangu siku mbili chini ya mizani. Angejua nimetembea mara ngapi katika siku hizo mbili.

Imetoka kwa profesa. Dada, kimo. Anasema wamekuta ndani ya magome zaidi ya nilichomwambia, na kingine wasichokijua jina. Anasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kusikia sampuli iliyoharibika kwa ukarimu, na amemsomea mkewe barua yangu. Nafasi ya mwaka huu amekwisha kumpa mtu. Lakini ameomba nyingine kwa ajili ya msesewe wenyewe, na chuo kimekubali: Oktoba ya mwakani, miaka mitatu, ada na posho. Ananiwekea mimi. Anataka jina langu, ndiyo au hapana, kabla ya mwisho wa Oktoba hii.

Ungedhani ningekuwa narukaruka. Siku ile ya kwanza nilitembea mpaka Feri nikarudi, wauza samaki wakaniita ninunue, sikuwasikia. Kalamu ninayo na karatasi ninayo, ila jibu sijaandika, na sababu yake ni wewe. Mei nilikuandikia kwamba umenizuia, lilikuwa neno la uongo na la ukatili. Sasa sitaki niandike ndiyo kisha Isidori aingie kihambani akakutupia vyombo vyako nje, wewe na mama na Vitalis. Nikibaki naweza kuja Desemba, nikajenga hata kibanda cha vyumba viwili, nikaoa mtu, nikawa mwenye kihamba. Visima vya Dar es Salaam havitakwisha chumvi.

Safari hii sikufichi na wewe usinifiche. Ukisema nibaki, nabaki, wala sitakulaumu, hata moyoni. Sema.

Severine


Kibosho
6 Oktoba 1957

Severine, mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo, nawe itikia kwa sauti, hata kama Champaben anakutazama.

Hatujambo sote. Mama amepata mkongojo mpya. Vitalis amekuwa wa tatu darasani, anasema wa kwanza na wa pili ni wakubwa kwa umri. Nimepika mbege kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa Clotilda, yule mwalimu wa shule ya wasichana, na katekista amekunywa kata tatu. Heshima yangu imerudi.

Sasa lako. Barua yako ilinikuta na jambo ambalo sikuwa nimekuandikia, si kwa kuficha, ila nilikuwa nangoja nione kama litashika.

Ile isale uliyotuma ilikuwa na kikonyo. Jani mtu huliweka, hukauka. Kikonyo ni kitu kingine. Yule fundi wa Magomeni ni mtu mzima, alijua anachokata. Nilikiweka siku mbili ndani ya chungu cha maji. Siku ya tatu nikamwita mama, tukaenda mpakani upande wa mfereji, pale Isidori anapopenda kutembea, nikakichimbia, mama akashindilia udongo kwa mguu wake mbovu. Mama akasema kwa sauti, majirani wakisikia, "Severine ameupanda mpaka wake." Maana kimetoka mkononi mwako, na fundo lako tulikuwa hatujalifungua.

Wiki iliyofuata baba mdogo alikuja na kamba na mtu wa kumshikia. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikamwona kabla hajaniona. Alifika pale akasimama. Aliitazama ile isale. Wewe unajua, na yeye anajua, isale ya mpakani haivukwi wala haing'olewi na mtu aliye mzima wa akili. Akaniuliza, "Nani ameipanda hii?" Nikamwambia, "Mwenye kihamba. Aliituma kutoka Dar es Salaam." Alikunja kamba yake. Kisha, kwa sababu ni mtu asiyeondoka mikono mitupu, aliomba mbege. Nikampa, ile laini ya wageni.

Mzee wa ukoo amekuja Jumapili kuona, akasema mpaka umesemwa. Hata ukikaa ng'ambo miaka mitatu au mitano, mtu akiuliza kama mwenyewe yupo, ataonyeshwa.

Usije Desemba kujenga kibanda. Usioe mtu kwa ajili ya migomba. Niliuchubua mti wa baba mpaka juu ya ngazi, Severine, na sasa umesimama mkavu karibu na zizi, kila asubuhi naupita nikienda kukamua. Sikuufanyia hivyo ili ukapime maji ya visima. Andika ndiyo leo, kabla hujamaliza kusoma, na kamba ya kufungia mwombe Kanubhai.

Nina sharti moja. Ukishajua hicho kingine kisicho na jina, uniandikie mimi kwanza, kabla ya profesa. Uniandikie ni kitu gani nilichowanywesha watu siku ya kipaimara.

Isale imetoa jani jipya.

Dada yako,
Candida